Bei ya usafi wa nyumba Kigoma: kagua jiko kwanza

Wengi wanaoanza biashara ya usafi wa nyumba hapa Kigoma hupanga bei kwa idadi ya vyumba. Hesabu hiyo inakula faida. Chumba cha kulala hakimchoshi mtu: kinatolewa vumbi, kinapigwa deki, basi. Siku inaishia jikoni na chooni. Kwa hiyo mteja akipiga simu kutoka Gungu au Mwanga akiuliza "usafi shilingi ngapi?", usitaje bei kabla hujaiona nyumba, au angalau hujatumiwa picha za ukuta wa nyuma ya jiko, sakafu ya choo na reli za madirisha.

Ukuta wa jiko nauweka mbele kwa sababu ya mawese. Yakipoa yanaganda, na ndiyo maana maji ya baridi yanayatandaza tu ukutani. Kwangua yaliyoganda kwa kipande cha plastiki, maana kisu kinachuna rangi. Kisha paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya doa likiwa bado kavu, uache dakika 10 hadi 15, ndipo ufute kwa tambara lililokamuliwa kwenye maji ya moto. Ukitanguliza maji, sabuni inazimuka kabla haijashika mafuta. Doa la siku nyingi hurudiwa mara mbili au tatu, na muda huo lazima uwemo kwenye bei. Ukuta wa rangi ya maji usiuguse kwa steelwire, utajikuta unadaiwa kupaka rangi upya.

Wasaidizi wapya hukimbilia JIK. Itafifisha wekundu, mafuta yatabaki, na vumbi litanata palepale. Kwenye vitambaa vya meza, mafuta yakishatoka kwa sabuni na maji ya moto, unjano unaobaki huachiwa jua: anika kikiwa kibichi, rangi ya mawese hufifia yenyewe juani. Mwambie mwenye nyumba mapema ili asidhani hujafua. Wapo wanaotumia kostiki (magadi soda makali ya kutengenezea sabuni). Inakata mafuta kweli, lakini inakula sufuria na fremu za alumini, na ngozi ya mfanyakazi pia. Mimi siitaki kabisa kwenye nyumba ya mteja.

JIK kazi yake ni kuua vijidudu, na kazi hiyo inaifanya juu ya kitu ambacho tayari ni safi. Uchafu unaimaliza nguvu. Sugua choo kwa sabuni, suuza, halafu ndipo uipake. Kama chupa imeandikwa 3.5%, mililita 150 kwenye ndoo ya lita 10 za maji baridi zinatosha kwa sakafu; iache ikiwa imelowa dakika 10. Changanya ya siku hiyo tu, ya jana imeshapoa nguvu. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi: inatoka gesi ya klorini, na vyoo vyetu vingi vina kidirisha kimoja tu cha juu. Asidi hiyo hiyo inatafuna sakafu ya sementi na terazo, kwa hiyo ibaki ndani ya sinki la choo.

Kiangazi kuna vumbi jekundu, na hapo kanuni ni kavu kabla ya maji. Utando wa buibui, feni, juu ya makabati, nyavu za madirisha, reli kwa brashi kavu ya rangi, mwisho sakafu. Ukimwagia maji reli yenye vumbi umejitengenezea tope litakalokaa kwenye pembe hadi mwezi ujao. Deki kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia dekio, ukianzia chumba cha ndani kurudi mlangoni.

Sasa bei. Chukua mfano: wasaidizi wawili kwa siku, 15,000 kila mmoja, 30,000. Sabuni na dawa 6,000. Bajaji kwenda na kurudi 4,000. Kuchakaa kwa dekio, brashi na glavu 3,000. Jumla 43,000. Ongeza asilimia 30, inakuwa kama 56,000. Nyumba ambayo maji ya bomba hayatoki, madumu ya maji yalipwe na mwenye nyumba, na mkubaliane kabla ya kufika.

Kupanga stoo ni kazi nyingine, itozwe kwa saa. Toa vyote nje, gawa mafungu matatu: kinachobaki, kinachotoka, cha kuulizia. Karatasi yoyote inaingia fungu la kuulizia, hata kama inaonekana takataka. Dagaa waingie kwenye ndoo yenye mfuniko. Magunia yakae juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, la sivyo masika yataleta ukungu.

TIN ya TRA, yaani namba ya mlipakodi, haina malipo, ichukue mapema, maana taasisi hazikupi kazi bila hiyo.

Kabla hamjagusa kitu, piga picha kigae kilichopasuka, kioo chenye ufa na doa lisilotoka, umtumie mwenye nyumba hapo hapo. Pokea nusu ya malipo siku ya kuthibitisha kazi. Nyingine anailipa mkishapita naye chumba kwa chumba, wasaidizi wakiwa bado wapo na ndoo zao.