Je, wajua kwa nini mtoto anayesoma hadithi vizuri anakwama kwenye kitabu cha sayansi?

Wazazi wengi huku Mwanza wanashangaa, mtoto darasa la pili anasoma hadithi bila kugota, akifika la tatu vitabu vya masomo vikaanza kuwa vingi, anasoma ukurasa wa sayansi mpaka mwisho halafu ukimuuliza kimesemwa nini anakutolea macho. Na kitabu ni cha Kiswahili hichohicho! Basi tunakimbilia kusema mtoto mvivu au mwalimu hafundishi, mi naona tunawaonea wote wawili.

Shida iko kwenye sentensi zenyewe. Mtoto wa Kirumba, hapa Mwanza, anajua fika dagaa wakitandazwa vizuri na jua likiwaka wanakauka upesi, wakirundikwa au kukiwa na mawingu wanachelewa mpaka wanaanza kunuka. Sasa kitabu kinamwambia kitu kama "kasi ya uvukizi hutegemea joto, upepo na ukubwa wa eneo lililo wazi", uvukizi ndo maji kugeuka mvuke. Ni jambo lilelile analoliona mwaloni kila siku, ila humo hakuna mtu, hakuna dagaa, matendo yote yamegeuzwa majina na kufungwa pamoja, na yeye kazoea sungura kamdanganya fisi, anatafuta nani kafanya nini haoni.

Waandishi hawafanyi hivyo kutesa watoto. Mwanaisimu Michael Halliday alieleza kwamba tendo likishageuzwa jina unaweza kulipima, kulilinganisha na jingine na kulijengea hoja inayofuata, na kwa Kiingereza aliufuatilia uandishi huo mpaka kwa Isaac Newton, miaka zaidi ya 300 nyuma. Kwa hiyo ni lugha yenye kazi yake, ila lazima ifundishwe, haiji yenyewe eti kwa kuwa mtoto anajua Kiswahili.

Hesabu nayo ina mambo yake. "Juma ana samaki 12" na "Juma ana samaki 12 zaidi ya Asha" ni mambo mawili tofauti kabisa, na mtoto anayesoma mbiombio kama hadithi anaruka hapohapo kwenye "zaidi ya". Ukija kwenye sayansi, mama aliyesimama tuli na ndoo kichwani eti hafanyi kazi, maana kazi huko ni kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, mara umbali, na yeye hajasogea! Na akifika form one yote hayo anayakuta upya kwa Kiingereza.

Kinachosaidia hakihitaji hela. Chukua sentensi moja tu, mwambie aisimulie kwa mfano wa dagaa, nani anafanya nini, maji yanaenda wapi, akimaliza mrudishe, aiandike tena kwa lugha ya kitabu. Wengi wetu tunafanya hiyo nusu ya kwanza tu, tunamrahisishia akielewa tunafunga kitabu, wakati mtihani unakuja na lugha ya kitabu, na hiyo nusu ya pili ndo ngumu na ndo inayotaka muda.