Schanigarten ni nini? Bustani ya Vienna inayobebwa asubuhi

Mwezi wa Machi ukiingia, mitaa ya Vienna, mji mkuu wa Austria, hubadilika kwa siku chache tu. Wahudumu wa mikahawa na baa hutoa meza ndogo na viti, wakazipanga kando ya njia, kisha wakazizungushia vyungu vikubwa vya maua. Eneo hilo ndilo linaloitwa Schanigarten, hutamkwa "shanigaten". Ni sehemu ya kukaa nje ya mkahawa, baa au mgahawa, iliyowekwa juu ya ardhi ya umma: njia ya waenda kwa miguu, uwanja, au ukingo wa barabara ambapo magari yangeegeshwa. Mwenye biashara huomba kibali kwa jiji na kulipia kila kipande anachokalia.

Hilo la ardhi ya umma ndilo linalolipa neno hili maana yake. Meza zikiwa ndani ya ua wa mwenye mkahawa, hapo patatajwa kama Gastgarten, yaani bustani ya wageni. Schanigarten ni barabara iliyoazimwa. Ndiyo maana unakaa karibu kabisa na wapita njia: tramu inapita, mtoto anapita na baiskeli, mzee anapita na mbwa wake, na wewe uko palepale na kikombe chako.

Garten ni bustani kwa Kijerumani. Schani ndilo lenye hadithi, tena mbili. Ya kwanza inamtaja Johann Jakob Tarone, mwenye mkahawa katika mtaa wa Graben, ambaye katikati ya karne ya 18 aliruhusiwa kuweka meza nje ya mlango wake. Johann ni Gianni kwa Kitaliano, na inasemekana ulimi wa watu wa Vienna ukaligeuza kuwa Schani. Hadithi ya pili husema Schani lilikuwa jina la kumwitia kijana yeyote wa kazi mkahawani, na kila asubuhi tajiri wake alimwamuru: "Schani, toa bustani nje!" Mimi naipenda hii ya pili, kwa sababu inaonyesha kitu chenyewe kilivyo. Bustani hii haina udongo wala mizizi. Hubebwa mikononi asubuhi na kurudishwa ndani usiku.

Kwa msomaji wa pwani yetu, picha inayokuja haraka ni ya baraza, au kijiwe cha kahawa chenye dele, vikombe vidogo na kashata. Undugu upo kweli. Kahawa ya Vienna na ya Zanzibar zote zina asili yake katika njia za biashara zilizotoka Yemen. Vienna iliipokea kupitia dola ya Waturuki, na mtu anayetajwa kupewa kibali cha kwanza cha kuiuza huko, mwaka 1685, ni Muarmenia aitwaye Johannes Diodato. Lakini kuna jambo moja limepinduka. Sisi tukikaa nje tunatafuta kivuli. Watu wa Vienna wanatafuta jua. Mwezi wa Desemba jua lao huzama yapata saa kumi jioni, na kwa miezi kadhaa mtu hutoka kazini gizani. Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, na ghafla mwanga unabaki hadi baada ya saa moja jioni. Basi utawaona wamevaa makoti, blanketi magotini, macho wameyafumba, nyuso wamezielekeza juani. Baridi bado ipo, lakini hawarudi ndani. Siku hizi baadhi ya meza huruhusiwa hata wakati wa baridi, ila furaha yenyewe ni ya machipuko.

Ukikaa, agiza Melange, kahawa iliyochanganywa na maziwa ya moto yenye povu. Au Einspänner, kahawa kali katika bilauri, juu yake krimu nzito; jina hilo ni la gari la kukokotwa na farasi mmoja. Huletwa juu ya sinia dogo pamoja na glasi ya maji, ambayo hukuiomba na huilipii. Maji hayo yana heshima yake: tangu mwaka 1873 jiji limekuwa likiletewa maji ya chemchemi kutoka milimani kwa mfereji mrefu, yakiteremka yenyewe. Katika mikahawa ya zamani, glasi ikiisha mhudumu huweza kukuletea nyingine, hata kama kikombe kimekauka nusu saa iliyopita.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea hesabu. Kikombe cha euro 5 au zaidi tunakiona ghali, tunakinywa upesi, tunaondoka. Ile bei ni ya kiti pia. Ndani ya mkahawa wa kizamani kama Sperl, uliofunguliwa mwaka 1880, magazeti hutundikwa kwenye vishikio vya mbao ili uyasome bila kununua, na mtu anaweza kukaa asubuhi nzima kwa kikombe kimoja bila kutazamwa vibaya. Meza ya nje inafuata desturi ileile.

Wikendi nayo inasaidia. Jumamosi jioni, saa kumi na mbili, maduka hufungwa kwa sheria, na Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa. Hakuna cha kukimbilia. Asubuhi ni kahawa na mkate, mchana ni matembezi chini ya miti ya Prater, bustani kubwa ya umma ya jiji, na jioni meza zilezile hubeba Spritzer, divai nyeupe iliyozimuliwa kwa maji ya soda; asiyekunywa pombe huagiza juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji hayohayo. Tangu Novemba 2019 kuvuta sigara ndani ya mikahawa na baa kumepigwa marufuku, kwa hiyo wavutaji nao wamehamia nje. Asiyependa moshi achague meza ya pembeni.

Bili haitakuja yenyewe. Mhudumu kukuletea kabla hujaomba ni kama kukufukuza. Jua likishahama kwenye meza yako, mwangalie, umwambie "Zahlen, bitte", nataka kulipa tafadhali.