Libc imeharibika? Weka chini hiyo flashi ya kupigia upya

"Hiyo piga upya tu, kaka." Peleka seva ya Linux isiyowaka kwa fundi yeyote hapa Mwanza mjini, jibu ni hilohilo, na kusema kweli limenichosha. Seva ya duka la jumla pale Kirumba imebeba mauzo ya dagaa ya miaka na madeni ya wateja, halafu diski nzima ifutwe kwa ajili ya faili moja la takribani MB 2, yaani libc, maktaba ambayo karibu kila programu ya Linux inaitegemea?

Soma kioo kwanza. Ukiona `Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init! exitcode=0x00007f00`, hiyo 7f ni 127: init, programu ya kwanza inayoanzishwa na kerneli, imeanzishwa ikashindwa kupakia maktaba zake. Kerneli (kiini cha mfumo) ni nzima. Initramfs, mfumo mdogo wa muda unaotangulia ule wa diski, nayo imepita salama kwa sababu ina nakala yake ya libc ndani. Balaa limeanza kazi ilipokabidhiwa kwa init iliyo kwenye diski.

Chanzo mara nyingi ni mkono wa mtu. Programu imelalamika `version 'GLIBC_2.38' not found`, naye akachukua `libc.so.6` ya mashine nyingine akaibandika. Jamani, libc haiendi peke yake. Yeye na kipakiaji, `ld-linux-x86-64.so.2`, kinachopakia maktaba programu inapoanza, hutoka kwenye ujenzi mmoja na huongea kwa alama za ndani ziitwazo GLIBC_PRIVATE. Ukichanganya matoleo, utapata `relocation error` au segfault kwenye kila amri, hata `ls`.

Kama mashine bado inawaka na una terminali ya root (msimamizi mkuu) iliyofunguka, USIIZIME. Usiifunge pia, maana `sudo` nayo inahitaji libc, hivyo hutaweza kurudi tena. Amri za ndani ya bash (programu inayopokea amri zako) bado zinafanya kazi: `cd`, `echo`, na `echo *` badala ya `ls`. Kama faili limebadilishwa jina tu, linarudishwa hapohapo:

`cd /lib/x86_64-linux-gnu`
`LD_PRELOAD=$PWD/libc.so.6.bak mv libc.so.6.bak libc.so.6`

Ukishazima, tafuta flashi ya Linux ya live (inayowaka bila kusakinishwa), ya amd64 kama mashine yako. Kama umeme ulikatika katikati ya upgrade, endesha `fsck -f` kabla ya kumaunti. Maunti sehemu ya diski yenye mfumo wenyewe kwenye `/mnt` (kama imegawanywa kwa LVM, `vgchange -ay` kwanza), kisha uangalie toleo lililokuwepo (amri hizi ni za Debian na Ubuntu):

`grep -A12 '^Package: libc6$' /mnt/var/lib/dpkg/status`

Pakua pakeji za deb za `libc6` na `libc-bin`, za toleo hilohilo. `libc6` ni kama MB 3, bando la kawaida linatosha. Usishushe toleo: programu zilizojengwa kwa libc mpya zitakataa ya zamani. Na kama kuna `libc6:i386` (ya biti 32), lazima matoleo yalingane.

Sasa hapa ndipo wengi hukata tamaa. Wanapiga `chroot /mnt`, amri ya kuingia kwenye mfumo wa diski, wanajibiwa `failed to run command '/bin/bash': No such file or directory`. Wanaangalia, bash ipo! Wanaamua diski imekufa. Kisichopatikana si bash, ni kipakiaji ambacho bash imekiandika ndani yake. Kerneli haikutajii jina lake. Chroot haiwezi kukusaidia mpaka libc iwe imerudi kwa mkono kutoka nje.

Wala usifungue deb moja kwa moja juu ya `/mnt`. Kwenye Debian na Ubuntu za sasa `/lib` ni kiungo cha kwenda `usr/lib`, na tar ikikuta kiungo mahali inapotaka saraka inaweza kukiondoa. Hapo utakuwa umezalisha tatizo la pili. Fungua pembeni:

`dpkg-deb -x libc6_*.deb /tmp/k`
`cp -a --remove-destination /tmp/k/lib/x86_64-linux-gnu/. /mnt/usr/lib/x86_64-linux-gnu/`

Kwenye matoleo mapya chanzo ni `/tmp/k/usr/lib/...`, kwa hiyo angalia kwanza. Hakikisha pia `/mnt/lib64/ld-linux-x86-64.so.2` ipo. Kiungo chake kinaweza kuanza na `/`, hivyo ukikifuata ukiwa nje kitakupeleka kwenye kipakiaji cha flashi. Kisome kwa `readlink`.

Yaliyobaki ni mepesi. Nakili deb zote mbili kwenye `/mnt/root`, fanya `mount --bind` ya `/dev`, `/proc` na `/sys`, ingia chroot, kisha `dpkg -i /root/libc*.deb`, `dpkg --configure -a`, na `update-initramfs -u` mwishoni kabisa. Ukiitanguliza, unaweza kuingiza libc mbovu ndani ya initramfs iliyokuwa nzima.

Kisha `dpkg -V`. Ikinyamaza, mafaili ya pakeji yako sawa, lakini mimi singeapa kwamba mashine nzima iko sawa, hasa kama chanzo kilikuwa umeme. `dpkg -V` haijui lolote kuhusu data yako. Kwa hifadhidata ya MariaDB, endesha `mariadb-check --all-databases` kabla duka halijaanza kuuza.