Kabla hujaiachia sed ndani ya /etc/nginx

Seva ya programu imehama kutoka 10.0.0.1 kwenda 10.0.0.7, na anwani ya zamani imetapakaa kwenye makumi ya faili za usanidi za Nginx, programu ya kuhudumia tovuti. Kuzifungua moja moja ni kujitesa, kwa hiyo wengi hukimbilia sed, amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili:

`sed -i 's/10.0.0.1/10.0.0.7/g' /etc/nginx/sites-enabled/*`

Tuanze na nukta. Kwenye rejeksi, yaani ruwaza ambazo sed hutumia kutafuta maandishi, nukta ni herufi yoyote ile, na hapo hakuna kinachoizuia sed baada ya ile 1 ya mwisho. 10.0.0.12 itageuka 10.0.0.72, na huenda seva hiyo ipo kweli, ya idara nyingine. (Afadhali isiwepo, kosa litaonekana mapema.) Andika `\b10\.0\.0\.1\b`: mkwaju wa nyuma huifanya nukta iwe nukta tu, na `\b`, kwa sed ya GNU, ni mpaka wa neno.

Hilo wengi wanalijua. Kinachonikera mimi ni folda yenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu, vilivyomo sites-enabled kwa kawaida ni viungo (symlink) tu vinavyoelekeza sites-available, zilipo faili halisi. Sed yenye `-i` huandika faili mpya, kisha huipachika jina la ile ya zamani. Kiungo kinapotea, faili kamili inakaa mahali pake, na Nginx haisemi kitu. Siku mwenzako akihariri sites-available, atashangaa mbona hakuna kinachobadilika.

Ukijikinga kwa `-i.bak`, inayobakiza nakala ya zamani yenye mwisho wa .bak, humohumo, umeongeza tatizo: usanidi wa kawaida wa Debian husoma `sites-enabled/*`, yaani hata hizo .bak. Ukikutana na "duplicate default server", chungulia hapo kwanza.

Mimi hufanyia kazi sites-available, na huanza kwa kutazama bila kugusa:

`sed -n 's/\b10\.0\.0\.1\b/10.0.0.7/gp' /etc/nginx/sites-available/*`

Hapo inachapwa mistari itakayobadilika peke yake. Nikiridhika, naondoa `-n` na `p`, naweka `-i.bak`, kisha nalinganisha kila faili na nakala yake kwa `diff -u`. Usiitegemee `nginx -t`, inayokagua usanidi, kwa hili: anwani mbaya iliyoandikwa vizuri inapita. Naiendesha hata hivyo, ndipo `systemctl reload nginx`, ili Nginx isome usanidi upya. Mabaki ya anwani ya zamani, hasa ya conf.d (folda nyingine ya usanidi), nayasaka hivi:

`grep -rn --exclude='*.bak' '\b10\.0\.0\.1\b' /etc/nginx`