Mkato katika Kiingereza si alama ya kuvuta pumzi

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mkato, au koma, ni mahali pa kupumua kidogo kabla ya kuendelea kusoma. Kanuni hiyo humfaa anayesoma kwa sauti, lakini anayeandika Kiingereza humpoteza. Katika Kiingereza cha leo, kazi kubwa ya mkato ni kuonyesha vipande gani vya sentensi vinakwenda pamoja na vipi vimejitenga.

Tazama hizi mbili: "My brother who lives in London is a doctor" na "My brother, who lives in London, is a doctor." Maneno ni yale yale. Ya kwanza inadokeza kwamba mwandishi ana kaka zaidi ya mmoja, na anayetajwa ni yule wa London. Ya pili inachukulia kwamba kaka anajulikana, pengine kwa kuwa ni huyo huyo tu; habari ya London imechomekwa, na hata ukiitoa sentensi inasimama. Mikato ya namna hii huenda kwa jozi. Kufungua kwa wa kwanza na kuusahau wa pili ni kosa linaloonekana hata kwenye maandishi ya wasomi.

Kanuni ya pumzi ndiyo pia inayowafanya watu watenge kiima na kitenzi chake: "The students who failed the exam, must come back." Kiima ni kirefu, na msomaji huenda akapumua hapo kweli. Mkato haukai hapo hata hivyo. Tena, mkato peke yake hauwezi kuunga sentensi mbili zinazojitosheleza. "It was late, we went home" huhesabiwa kuwa kosa. Weka nukta, au nukta mkato, au ongeza "so" baada ya mkato.

Ubishi uko kwenye orodha: kabla ya "and" au "or" ya mwisho, mkato uwepo au usiwepo? Oxford University Press huuweka, ndiyo maana unaitwa mkato wa Oxford. Magazeti mengi huuacha.

Ubishi huo uliwahi kufika mahakamani. Sheria ya jimbo la Maine, Marekani, iliorodhesha kazi zisizostahili malipo ya saa za ziada, ikamalizia kwa "packing for shipment or distribution", bila mkato kabla ya "or". Je, kusambaza ni kazi inayojitegemea kwenye orodha, au inayotajwa ni kufungasha tu, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza? Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walishikilia maana ya pili: wao husambaza, hawafungashi, kwa hiyo wanastahili malipo hayo. Mwaka 2017 mahakama ya rufani ya shirikisho iliona sheria ina utata, ikawapa haki madereva. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Jimbo nalo liliiandika orodha upya, safari hii kwa nukta mkato kati ya kazi na kazi.