Je, wajua gramu moja ya mawese hubeba joto kiasi gani?

Kigoma ni nchi ya michikichi, na apikaye kwa mawese anajua yakishika moto jikoni si mchezo. Moto huo unapimwaje, ilhali joto haliwekwi kwenye mizani? Unaliingiza kwenye maji, kisha unasoma yamepanda nyuzi ngapi. Gramu moja ya maji huhitaji takriban juli 4.18 (juli ni kipimo cha nishati) ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi.

Tuseme uko Ujiji na kikopo kifupi chenye mawese na utambi wa pamba. Kipime uzito, kiwashe chini ya sufuria yenye gramu 200 za maji ya nyuzi 25, koroga, zima yakifika 45, kisha pima kikopo tena. Ikiwa kimepungua gramu 1, basi 200 × 4.18 × 20 ni juli 16,720, yaani karibu kilojuli 17. Lakini gramu ya mawese hutoa takriban kilojuli 39! Zaidi ya nusu imepotea.

Sufuria yenyewe imekula kidogo: aluminiamu ya gramu 150 huchukua kama kilojuli 2.7. Nyingi zimekwenda hewani. Ila mwizi anayesahaulika ni masizi yale meusi chini ya sufuria. Masizi ni kaboni ambayo haikuungua. Ukikinga upepo utapunguza joto linalopotea, lakini lile lililobaki ndani ya masizi halijatoka bado, na hakuna kinga ya kulitoa.

Ndiyo maana maabara hutumia kalorimita ya bomu, iliyobuniwa na mkemia Mfaransa Marcellin Berthelot katika miaka ya 1880. Ni chombo kinene cha chuma kinachojazwa oksijeni yenye mgandamizo wa takriban mara 30 ya hewa ya kawaida, kikazamishwa majini na kuwashwa kwa umeme. Humo kila kitu huungua, masizi hayabaki. Kabla ya hapo huchomwa asidi ya benzoiki, ambayo kilojuli zake 26.4 kwa gramu zinajulikana, ili kupata kiasi cha joto kinachomezwa na chombo chenyewe.

Kwa kipimo hicho mkaa mzuri hupata kama kilojuli 30 kwa gramu, na kuni kavu 18 hadi 20. Kuni zina oksijeni nyingi iliyokwisha kushikana na kaboni na haidrojeni yake, kana kwamba zimeungua nusu tayari. Mawese yana oksijeni kidogo mno na haidrojeni tele, nayo haidrojeni, gramu kwa gramu, hutoa joto zaidi ya mara nne ya kaboni.