Mto wa kubuni nao una sheria zake

Nikiletewa hadithi ya fantasia niisome kabla haijachapishwa, kwanza naomba ramani. Waandishi wetu vijana huzichora kwa moyo: milima imetiwa kivuli, miji imepewa majina matamu, mipaka imekaa vizuri. Kisha nautazama mto. Umeanzia bahari ya mashariki, umekatiza bara zima, umemwagikia bahari ya magharibi. Hapo naweka ramani chini, maana mto huo hauna chanzo.

"Nchi ni ya kubuni, mto uende utakako"

Dhana hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Hata katika nchi ya kubuni maji hufuata mteremko, na msomaji aliyekulia kijijini alilijua hilo kabla hajaingia darasani. Vijito vikishuka huungana vikawa mto. Mto haujigawi ovyo njiani. Ziwa nalo hupokea mito mingi na kwa kawaida kutoa mmoja. Kagera, Mara, Nzoia, Yala na Sondu yote huingia Ziwa Victoria, lakini maji hutokea Jinja tu, yakaanza safari ya Nile. Ziwa Tanganyika hutokea Lukuga peke yake.

Mito inayogawanyika ipo. Rufiji hutawanyika ukikaribia bahari kwa sababu pale ardhi ni tambarare na tope la miaka mingi limejikusanya. Kule Amerika Kusini, mto Casiquiare huchota maji ya Orinoco na kuyapeleka Rio Negro, na mwisho yakaingia Amazon. Lakini mito ya namna hiyo ni ya kuhesabu, na kila mmoja una sababu yake. Ukitaka mto wako upande mlima, upande. Tuonyeshe tu ni nani anausukuma, na kazi hiyo inamchosha vipi.

"Mto huenda upande mmoja siku zote"

Nenda Pangani, usimame penye kivuko cha Bweni wakati bahari inajaa. Kumbi la nazi lililokuwa likielekea baharini litapunguza mwendo, litasimama, litazunguka mara moja au mbili, kisha litaanza kurudi bara. Mto uleule, maji yaleyale ya kahawia. Kule Kambodia mto wa Tonle Sap hufanya hivyo kwa miezi: Mekong ukifurika huusukuma urudi nyuma hadi ziwani, na mafuriko yakipungua unageuka tena. Nashangaa jambo hili halitumiki zaidi katika hadithi. Mtoro mwenye mtumbwi anayejua saa ya maji kujaa ana faida ambayo jeshi zima linalomfuata halina, na hakuhitaji uchawi wowote.

"Mto ni njia tu ya kumfikisha shujaa aendako"

Mwaka 1971 Mmarekani Philip José Farmer alitoa riwaya ya To Your Scattered Bodies Go, ikapata Tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Humo wanadamu waliokwisha kufa, wa zama zote, wanafufuliwa pamoja kwenye kingo za mto mmoja unaojipinda kuizunguka sayari nzima. Mto huo unaanza katika bahari ya ncha ya kaskazini na kurudi humo humo. Mhusika mkuu ni Richard Burton, mpelelezi Mwingereza wa karne ya kumi na tisa.

Burton huyo tunamjua. Aliondoka Zanzibar mwaka 1857 pamoja na John Speke, na katika msafara wao alikuwemo Myao Sidi Mubarak Bombay, ambaye bila yeye wasingefika mbali. Februari 1858 wakaingia Ujiji. Burton alitamani sana Tanganyika liwe chanzo cha Nile, na tamaa yake yote ilining'inia kwenye mto mmoja kaskazini mwa ziwa, Rusizi: je, unatoka au unaingia? Wakasafiri kwa mitumbwi hadi Uvira. Watoto wa mkuu wa huko wakamwambia: unaingia. Neno hilo moja lilimvunja moyo. Agosti mwaka uleule Speke akalifikia ziwa la Nyanza, ndilo Victoria, bila yeye.

Sasa mtazame Farmer alivyofanya. Alimfufua mtu aliyenyimwa chanzo cha mto, akamweka kando ya mto mwingine, akampa hamu ileile ya kuona unakoanzia. Ukiuondoa mto ule, riwaya haipo.

"Mito ya sayari nyingine imo vitabuni tu"

Mwaka 1877 Mwitaliano Giovanni Schiaparelli aliandika kwamba ameona canali juu ya Mirihi. Neno lake laweza kumaanisha mikondo ya asili, lakini lilifika kwa Kiingereza likiwa mifereji iliyochimbwa, na hadithi nyingi za Wamirihi zikaota hapo. Mwaka 1965 chombo cha Mariner 4 kilipiga picha: hakuna mifereji. Miaka michache baadaye Mariner 9 ikaonyesha mabonde makavu ya mito halisi, ya kale mno. Na huko Titan, mwezi wa Zohali, mito inatiririka hata leo, ila ni ya methani. Chombo cha Huygens kilipotua huko Januari 2005 kilikuta vipande vya barafu vilivyolainika na kuviringika, kama kokoto za mto wowote wa kwetu.

"Mzimu wa mto hauna nafasi penye sayansi"

Namwali Serpell wa Zambia aliuweka mto Zambezi na bwawa la Kariba ndani ya The Old Drift, riwaya inayofika hadi zama zijazo, na mwaka 2020 ikashinda Tuzo ya Arthur C. Clarke, ambayo ni tuzo ya hadithi za kisayansi. Watonga wapatao 57,000 walihamishwa ili ziwa la Kariba lijae. Mafuriko ya mwaka 1957, na makubwa zaidi ya 1958, yaliharibu kazi ya ujenzi, na wenyewe wakasema Nyaminyami, mwenye mto, amekasirika. Septemba 1963, ziwa lilipokuwa limejaa, ardhi ya pale ilitetemeka kwa nguvu. Wanajiolojia husema ni uzito wa maji ulioielemea miamba. Watonga husema ni Nyaminyami akimtafuta mkewe, aliyebaki upande wa pili wa ukuta.